Kadi Moja kwa Mji na Kijiji: Njia za Kenya, Rwanda na China Zikilinganishwa

Mwalimu wa sekondari wa Iringa mjini na mkulima wa mahindi wa Ismani wanaweza kulazwa wodi moja kwa ugonjwa mmoja, lakini kwa zaidi ya miaka 20 wamekuwa wakifika hapo kwa milango tofauti. Mwalimu hukatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri wake huongeza asilimia 3 nyingine, na fedha hizo huingia NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulioanza kazi mwaka 2001. Mkulima, kama ana kadi, kwa kawaida imekuwa ya CHF, Mfuko wa Afya ya Jamii uliojaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996 na kuboreshwa baadaye, ambao kaya ya watu wasiozidi sita ilijiunga kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Kadi ya CHF ya zamani iliishia mpakani mwa halmashauri, na mkulima aliyeugua akiwa safarini alijikuta hana bima. Kadi iliyoboreshwa ilivuka mpaka huo, lakini tofauti ya dawa, vipimo na hospitali zinazopokea kila kadi ilibaki.

Bunge la Tanzania lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mnamo Novemba 2023, ilikuwa baada ya mwaka mzima wa mabishano. Kiwango kilichotajwa katika mjadala wa mwaka 2022, shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita, kiliwashtua watu wa vijijini waliozoea 30,000, huku waajiriwa wa mjini wakihofia kuwa michango yao itabeba mzigo wa wengine. Hofu zote mbili zilikuwa na msingi, na hazijaisha kwa sababu tu sheria imepita.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya msomaji anayelazimika kuwa na msimamo: diwani, kiongozi wa ushirika wa mazao, mjumbe wa kamati ya zahanati, mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Nimechagua nchi tatu zilizojaribu kuwaweka watu wa mjini na wa kijijini chini ya mpango mmoja kwa njia zisizofanana. Kenya na Rwanda ni jirani zetu. China nimeileta kwa sababu ilianza kama sisi, kwa kuwa na mfuko wa wafanyakazi, mfuko wa wakulima na watu wengine walioachwa katikati, kisha ikaunganisha sehemu ya mifuko hiyo kwa amri moja.

Maswali manne ya kupimia

Swali la kwanza ni jinsi mchango unavyokadiriwa kwa mtu asiye na hati ya mshahara. La pili ni kadi inanunua nini, na kwa umbali gani kutoka nyumbani kwa mwenye kadi. La tatu ni nani anamlipia asiye na uwezo, na nani anaamua kuwa mtu huyo hana uwezo.

La nne husahaulika katika mikutano mingi, nami naliona kuwa zito kuliko mengine yote: fedha zikishakusanywa, zinaelekea wapi? Mfuko wa bima haulipi maradhi. Hulipa madai, na madai hutoka palipo na hospitali, daktari na mashine. Wilaya ambayo haina chumba cha upasuaji haiwezi kudai malipo ya upasuaji, hata kama wakazi wake wote wamelipa mchango. Kwa hiyo mfuko mmoja wenye kiwango kimoja, ambao kwenye karatasi unaonekana kuwa usawa mtupu, unaweza kuwa mfereji wa kupeleka fedha za kijijini mjini. Msomaji akilishika swali hili, mengi yanayofuata yataeleweka kwa urahisi.

Kenya: asilimia ileile kwa kila kipato

Mchango. Tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF ya Kenya iliyokuwapo tangu 1966. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, bila kikomo cha juu, na mwajiri haongezi kitu. Kwa jedwali la zamani aliyepata shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi alilipa 750, na sasa hulipa 550, wakati aliyepata 100,000 alilipa 1,700 na sasa hulipa 2,750. Kati ya wenye mishahara, basi, mzigo umehamia kwa wenye nacho, jambo ambalo jedwali la zamani halikulifanya ipasavyo.

Ugumu huanza kwa asiye na mshahara. Yeye huulizwa maswali kuhusu kaya yake, kama vile ukuta ni wa nini, maji hutoka wapi, choo ni cha aina gani, mifugo ni mingapi, kisha mfumo hukadiria kipato chake na kumtoza asilimia ileile, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kiasi hicho ni chini ya 500 walizolipa watu wa sekta isiyo rasmi zamani. Tofauti ni kwamba sasa hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani 3,600 kwa uchache. Mkulima wa chai wa Kericho anayesubiri bonasi anaweza kulimudu hilo kuliko hata makato ya kila mwezi. Mama anayeuza omena kando ya ziwa huko Homa Bay hana siku hata moja katika mwaka ambayo 3,600 zimekaa pamoja mkononi, na serikali ilikiri hivyo ilipoanzisha mkopo wa Lipa SHA Pole Pole. Lipo pia tatizo la kipimo chenyewe, kwa maana maswali ya mali hayasomi maisha ya mjini na ya kijijini kwa lugha moja. Mbuzi 40 wa mfugaji wa Turkana huonekana kuwa utajiri hadi ukame unapowafagia, na mpangaji wa chumba cha mabati Nairobi anaweza kuonekana maskini kuliko mwenye nyumba ya udongo kijijini ambaye kipato chake ni kidogo zaidi.

Kadi. Kenya iligawa mpango wake katika hazina tatu. Moja hulipia huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, kwa fedha za kodi, bila kumdai mgonjwa aliyejisajili awe amelipa mchango. Ya pili, ile ya michango, hulipia hospitali za ngazi ya 4 hadi ya 6. Ya tatu hubeba dharura na magonjwa sugu mgonjwa anapokuwa amemaliza kiwango chake. Kwa mkazi wa kijijini hazina ya kwanza ndiyo yenye maana ya kila siku, kwa sababu zahanati ndiyo anayoifikia kwa miguu. Lakini afya iko chini ya kaunti 47 tangu ugatuzi wa mwaka 2013, kwa hiyo kadi ni ya taifa, huku muuguzi na sanduku la dawa vikitegemea gavana.

Asiye na uwezo. Sheria inaitaka serikali imlipie, na anatambuliwa kwa maswali yaleyale ya kaya. Udhaifu ni kwamba ahadi hiyo huishi ndani ya bajeti, na bajeti hupigwa panga kila mwaka.

Mkondo wa fedha. Hazina ya michango huvutwa na hospitali kubwa, ambazo nyingi ziko mijini. Hazina ya huduma za msingi huvuta upande wa pili, mradi Hazina Kuu ijaze mfuko huo kwa wakati. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipengele kilichobuniwa vizuri kuliko vyote katika mageuzi ya Kenya, ingawa makelele ya umma yamekuwa juu ya ile 2.75.

Njia hii inaifaa nchi yenye waajiriwa wengi walio kwenye kumbukumbu za kodi, na kaya ambayo kipato chake huja kwa mafungu yanayotabirika. Haimfai sana mchuuzi wa kila siku. Nayo inahitaji maelewano na wananchi kabla ya kuanza: mnamo Julai 2024 Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza sheria zilizouanzisha mpango huu kuwa kinyume cha katiba, na ilibidi Mahakama ya Rufaa isimamishe uamuzi huo mnamo Septemba ndipo mpango ukaendelea.

Rwanda: madaraja, kaya na mlango wa kituo cha afya

Mchango. Mutuelle de santé, bima ya afya ya jamii ya Rwanda, ilijaribiwa mwaka 1999 katika wilaya tatu za afya, Byumba, Kabgayi na Kabutare, ikasambazwa nchi nzima katika miaka iliyofuata, na sheria ikaifanya kuwa ya lazima mwaka 2008. Kabla ya 2011 kila mtu alilipa faranga 1,000 kwa mwaka. Mwaka 2011 Wanyarwanda walikiri kuwa kiwango kimoja kinamwonea maskini, wakaweka madaraja kwa kutumia Ubudehe, utaratibu wa wanakijiji kupangana kwa hali zao za maisha: faranga 2,000 kwa walio chini kabisa, zilizolipwa na serikali, 3,000 kwa walio wengi, na 7,000 kwa walio juu. Mwaka wa bima huanza tarehe 1 Julai, na watu wengi hujiwekea akiba mapema katika vikundi vya ibimina. Kaya hulipa kwa watu wake wote, si kumchagua mgonjwa na kuwaacha wazima, na sharti hilo moja limeuokoa mfuko dhidi ya ugonjwa unaozimaliza bima nyingi za hiari, yaani kujiunga siku ya kuugua.

Kadi. Mgonjwa huanza kituo cha afya, ambako huchangia faranga 200, kisha hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya na, ikibidi, hospitali kubwa za Kigali au Butare, ambako huchangia asilimia 10 ya gharama. Kwa mtu wa kijijini mlango huo uko karibu, kwa kuwa nchi ni ndogo, ina watu wengi kwa eneo, na vituo vya afya vimeenezwa hadi ngazi ya sekta, ambayo wenyeji huiita umurenge. Asilimia 10 inaonekana ndogo hadi inapokuwa ya upasuaji mkubwa, na nauli ya kwenda Kigali na chakula cha anayemuuguza havimo kwenye kadi.

Asiye na uwezo. Kwa Ubudehe aliyeamua alikuwa jirani, angalau mwanzoni mwa mchakato. Nguvu ya utaratibu huo ilikuwa kwamba jirani anajua nani amefiwa na ng'ombe na nani amepata kibarua, mambo ambayo mashine ya maswali ya Kenya haiyajui. Udhaifu wake ulikuwa kwamba jirani pia ana kinyongo na upendeleo, na malalamiko juu ya madaraja yalikuwa mengi kiasi cha kufanya mfumo wenyewe urekebishwe zaidi ya mara moja. Mjini shida ilikuwa nyingine, kwani mpangaji aliyehamia Kigali miezi minane iliyopita hana jirani anayemjua vya kutosha kumpanga.

Mkondo wa fedha. Tangu 2015 mfuko huu unasimamiwa na Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, RSSB, badala ya kila wilaya kuwa na mfuko wake unaofilisika peke yake. Mwaka 2020 yakaongezwa makato ya asilimia 0.5 ya mshahara halisi wa waajiriwa ili kuusaidia mfuko wa jamii. Huo ni mkondo ulio wazi kutoka mshahara kwenda jembe, na kila mtu anaujua kwa jina na kwa kiasi. Hata hivyo mifuko haikuunganishwa. Watumishi wa umma wana RAMA, iliyoanza 2001 na inayochangiwa asilimia 15 ya mshahara, nusu kwa nusu na mwajiri, na inawafungulia kliniki na maduka ya dawa ambayo mwenye mutuelle hayafikii.

Rwanda, basi, haijaufuta ukuta kati ya mwenye mshahara na mkulima, bali imetoboa dirisha la kupitishia fedha. Njia hii inalifaa eneo lenye makazi ya karibu na uongozi wa kijiji unaofanya kazi, na inaifaa kaya yenye watoto wengi wanaougua mara kwa mara magonjwa ya kawaida. Haimfai anayehamahama.

China: kuunganisha mifuko kwa ruzuku kubwa

Mchango. Wafanyakazi wa mijini walipata bima yao mwaka 1998, wakulima wakapata ya kwao mwaka 2003, na wakazi wa mijini wasio na ajira, wakiwamo watoto na wazee, mwaka 2007. Aliyeandikishwa kuwa mtu wa kijijini kwa hukou, mfumo wa kuandikisha makazi ya kila raia, mara nyingi alibaki kwenye bima ya kijijini hata kama ameishi na kufanya kazi mjini kwa miaka 10. Januari 2016 serikali kuu iliagiza bima ya wakulima na ile ya wakazi wa mijini ziwe moja, na mwaka 2018 ikaundwa taasisi moja ya kitaifa ya kuisimamia.

Mchango ni wa kila mtu, kiwango kimoja, bila kupima kipato. Mwaka 2003 mkulima alitoa yuan 10 na serikali ikamwongezea 20. Kwa bima ya mwaka 2025 mwanachama alitakiwa kutoa yuan 400 kwa uchache, baada ya ruzuku ya serikali kufikia yuan 670 kwa kila mtu mwaka 2024. Fedha nyingi ni za serikali, na hilo ni jambo la kukumbuka kabla ya kuiga. Lakini kutoka 10 hadi 400 ni safari ndefu kwa mkulima mzee, na kaya ya watu watano hutafuta yuan 2,000 kila mwaka, iwe mavuno yamekubali au yamekataa. Mchango wa kichwa hauulizi shamba limetoa nini.

Kadi. Hapa ndipo China ilipofanya jambo ambalo majirani zetu hawajalifanya kwa ukamilifu. Orodha ya dawa ya kijijini, iliyokuwa fupi, iliunganishwa na ya mjini, na hospitali zinazoipokea kadi zikawa zilezile. Tangu 2017 mtu aliyelazwa nje ya mkoa wake amewezeshwa kulipiwa na bima palepale hospitalini badala ya kulipa mwenyewe na kurudi nyumbani na risiti, nafuu kubwa kwa mamilioni ya vibarua waliotoka vijijini. Hata hivyo sehemu inayolipwa na bima hupungua kadiri hospitali inavyokuwa kubwa au mbali. Sharti hilo liliwekwa ili watu wasikimbilie hospitali kuu, na humwumiza zaidi yule ambaye karibu naye hakuna kitu.

Asiye na uwezo. Kaya zilizo kwenye orodha ya msaada wa serikali hulipiwa mchango wote au sehemu yake. Aliye juu kidogo ya mstari hulipa kamili, na kwa mchango wa kiwango kimoja mstari huo ni mkali kuliko kwingine kote.

Mkondo wa fedha. Mfuko umekusanywa kwa kawaida katika ngazi ya mji mkuu wa eneo pamoja na wilaya zinazouzunguka, si nchi nzima. Ndani ya eneo hilo mtu wa mjini na wa kijijini hulipa sawa, lakini wa mjini yuko dakika 15 kutoka hospitali kubwa. Baadhi ya miji, Chongqing ikiwa mmoja, ilijaribu kukwepa jambo hili kwa kuweka madaraja mawili ya mchango na kumwachia kila mtu achague. Dawa hiyo ina madhara yake, kwa sababu maskini huchagua daraja la bei nafuu, na mfuko uliounganishwa mchana hugawanyika tena usiku. Wafanyakazi wa mijini, kwa upande wao, hawakuguswa. Bado wana bima yao nono, kwa hiyo muungano ulikuwa wa maskini wa pande mbili.

Inaifaa serikali yenye uwezo wa kutoa zaidi ya nusu ya fedha kila mwaka bila kutetereka, na familia ambazo nusu yao iko kijijini na nusu iko mjini ikifanya vibarua. Bila ruzuku hiyo, kiwango kimoja kwa wote ni kodi ya kichwa yenye jina zuri.

Kwa hali yako

Ukiwa katika wilaya ya wafugaji au ya visiwa, ambako kituo cha afya ni mwendo wa nusu siku, mjadala wa kiwango cha mchango si wa kwanza kwenu. Dai kwanza kile ambacho Kenya ilikitenga, huduma za msingi zinazolipiwa na kodi na kutolewa bila kuuliza stakabadhi, kisha dai watumishi na dawa. Mkikubali mchango kabla ya kituo, mtakuwa mnalipia vitanda vya mkoa mwingine.

Ukiwa katika eneo la kilimo lenye vijiji vilivyokaribiana na ushirika ulio hai, somo la Rwanda liko karibu zaidi: kaya nzima au hakuna, tarehe ya malipo iwekwe baada ya mauzo ya zao, na kikundi cha akiba kitumike kama mlango. Kamati ya kuwapanga watu kwa madaraja iwe na njia ya rufaa nje ya kijiji, maana bila hiyo ugomvi wa mipaka ya mashamba utahamia kwenye bima.

Kwa kijana aliyetoka Kigoma akaendesha bodaboda Dar es Salaam, na mke na watoto wakabaki nyumbani, cha kupigania ni kadi inayotambulika sehemu mbili kwa wakati mmoja. Mpango wenye madaraja ya kijiji utamsumbua, na ule wa kupima mali hautajua ahesabiwe wapi. Hapo China imetangulia.

Mwajiriwa anayekatwa kila mwezi ana haki ya kujua anachangia kiasi gani kwa wengine. Asilimia 0.5 ya Rwanda, iliyotajwa wazi, ni rahisi kuitetea kazini kuliko mchango usio na mchanganuo. Sheria ya Tanzania imetaja vyanzo vingine vya kuwasaidia wasio na uwezo, yakiwamo mapato yatokanayo na vinywaji baridi, vileo, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Chama cha wafanyakazi kinaweza kuuliza kila mwaka ni kiasi gani cha fedha hizo kimefika kwenye mfuko kabla ya kuzungumzia kuongeza makato.

Na diwani ambaye ana dakika tano tu za kuuliza swali kwenye kikao cha baraza aombe takwimu moja: kati ya fedha zote zilizochangwa na wakazi wa halmashauri yake mwaka uliopita, kiasi gani kililipwa kama madai kwa vituo vilivyomo ndani ya halmashauri hiyo, na kiasi gani kililipwa nje.